Atlanta hadi Bakersfield kwa gari: mwongozo wa nesi anayekwenda kuanza mkataba wa wiki 13

Manesi wengi wa Afrika Mashariki walioko Georgia, Texas au Massachusetts huanza kuitamani California siku wanapoona karatasi ya malipo ya mwenzao. Pesa ni sababu moja. Nyingine ni sheria ya idadi ya wagonjwa, inayotumika hospitalini huko tangu Januari 2004: wadi ya kawaida nesi mmoja hapewi wagonjwa zaidi ya 5, ICU (wadi ya mahututi) hapewi zaidi ya 2. Basi mtu anatia sahihi mkataba wa wiki 13, anajaza gari, anashika njia. Wanaokwama kwa kawaida hawakwamishwi na barabara. Wameondoka kabla karatasi hazijakamilika, au wamefika wakiwa na dola mia mbili mfukoni ilhali mshahara wa kwanza uko wiki mbili mbele.

Hapa tunatumia njia moja halisi, Atlanta, Georgia hadi Bakersfield, California, takriban maili 2,200 (kilomita 3,540). Anayeanzia kwingine atabadilisha majina ya miji. Mpangilio ni uleule. Panga kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka siku ya kuripoti kazini. Ukiripoti Jumatatu, fika Ijumaa. Ukitaka kufika Ijumaa kwa mwendo wa siku tano, ondoka Jumapili, na siku ya sita ibaki tupu. Siku hiyo ni ya tairi lililopasuka au theluji ya Flagstaff, Arizona; usiijaze na ziara ya kumwona binamu Oklahoma.

Leseni na karatasi

Georgia imo kwenye mapatano ya leseni ya majimbo mengi, yale yanayoitwa NLC. California haimo. Leseni yako ya Georgia itakufikisha kazini Texas, Arizona au New Mexico, lakini ukivuka Mto Colorado haina nguvu. Unahitaji leseni ya bodi ya wauguzi ya California, BRN, na kwa aliyesomea nje hapo ndipo muda unapopotea. BRN hukagua upya masomo yako hata kama umefanya kazi Georgia miaka kumi. Transkripti inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja, pamoja na fomu inayochanganua saa za darasani na saa za wadini kwa kila somo. Iliyopitia mkononi mwako haihesabiki. Aliyesoma KMTC au chuo chochote cha nyumbani na amtafute ndugu wa kwenda mwenyewe ofisi ya msajili kufuatilia, kwa sababu barua pepe peke yake zinaweza kukaa wiki bila jibu. Anza miezi 4 hadi 6 kabla ya tarehe unayoiwazia.

Alama za vidole nazo zina mtego wake. Mfumo wa kielektroniki wa California, Live Scan, unapatikana ndani ya California tu. Aliye nje hutuma kadi za wino, ambazo huchukua muda mrefu zaidi na hukataliwa mara kwa mara, hasa kwa manesi: kunawa mikono na kupaka dawa zamu baada ya zamu husugua mistari ya vidole. Paka mafuta mazito ya ngozi asubuhi na usiku kwa wiki nzima kabla ya kwenda, ila siku yenyewe usipake. Wapo wanaoona heri kununua tiketi ya ndege ya siku moja wakamalize Live Scan hukohuko.

Vya afya: BLS na ACLS za American Heart Association (kadi za mafunzo ya kuokoa maisha; hudumu miaka 2, hakikisha haziishi katikati ya mkataba), kipimo cha damu cha kinga ya surua, tetekuwanga na homa ya ini B, kipimo cha barakoa ya N95 cha ndani ya mwaka mmoja, na TB. Kwenye TB, sisi tuliochanjwa BCG (chanjo ya TB) utotoni tuombe kipimo cha damu, mfano QuantiFERON, tusikubali kile cha kuchoma ngozi ya mkono. BCG inaweza kufanya ngozi ivimbe bila ugonjwa wowote, na mkono ukishavimba utatumwa eksirei, utajaziwa fomu, na tarehe ya kuanza itasogea. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG.

Kipimo cha mkojo cha madawa hufanywa karibu na tarehe ya kuanza. Usinywe maji kupita kiasi asubuhi hiyo, kwani mkojo uliochujuka sana unarudishwa na unapoteza siku kadhaa. Bangi ni halali California kwa sheria ya jimbo, lakini hospitali haijali hilo. Miraa usiiguse wala usiibebe: kathinoni iliyomo imo kwenye kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku na serikali kuu ya Marekani, kundi moja na heroini.

Kisha kuna karatasi ambazo lazima ziwe za asili mkononi. Fomu I-9, ya kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi Marekani, inamtaka mwajiri aone hati zako halisi ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze. Picha ya simu haitoshi, fotokopi haitoshi. Beba pasipoti ya Marekani au grini kadi, au leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security. Mwenye grini kadi hata bila kazi mpya anatakiwa kisheria kutembea nayo. Ukichagua njia ya kusini ya I-10 utakutana na kizuizi cha Border Patrol (walinzi wa mpaka) karibu na Las Cruces, New Mexico, na hapo utaulizwa uraia wako.

Usiwashe gari mpaka ofisi ya ukaguzi ya ajensi (kampuni inayokupeleka hospitalini kwa mkataba) iandike kwa barua pepe kwamba umekamilika na tarehe imethibitishwa. Neno la rikruta (afisa wa ajensi aliyekutafutia kazi) kwenye simu, "dada, njoo tu, kila kitu kiko sawa," halina uzito. Mikataba hufutwa hata siku chache kabla ya kuanza, na ukifutiwa ukiwa Amarillo, Texas, hasara ni yako isipokuwa mkataba unasema vingine.

Mistari ya mkataba inayogusa safari

Tafuta mistari hii kabla ya sahihi. Saa zilizohakikishwa: 36 kwa wiki, na hospitali inaruhusiwa kukufutia zamu ngapi bila kulipa. Siku za ruhusa: kama una miadi ya alama za vidole au ya usaili wa uraia, iandikwe ndani ya mkataba, maana ukishaanza kazi ruhusa ni hisani. Fidia ya safari: kiasi gani, na inalipwa lini. Mara nyingi nusu huja na mshahara wa kwanza na nusu ya pili mkataba ukimalizika. Fidia hiyo haitozwi kodi ikilipwa kwa kuonyesha risiti na maili. Ulichotumia zaidi ya hapo hukitoi kwenye kodi ya serikali kuu, kwa sababu tangu 2018 mwajiriwa wa kawaida hana haki hiyo.

Posho ya nyumba na chakula inapita bila kodi kwa sharti moja: uwe na makao ya kikodi unayoyagharamia kweli kule utokako. Yaani unalipa nyumba Georgia na unalipa nyumba Bakersfield kwa wakati mmoja. Aliyeachia nyumba yake, akatia vitu stoo na kutumia anwani ya shangazi bila kulipa chochote, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) humhesabu kama mtu asiye na makao, na posho yote inageuka mshahara wa kutozwa kodi. Kazi inayotarajiwa kupita mwaka mmoja mahali pamoja nayo huvunja sharti hilo. Hifadhi risiti za kodi ya nyumba na bili za umeme za miezi yote mitatu. California nayo itataka kodi yake kwa kila saa uliyofanya kazi huko, kupitia fomu 540NR.

Pesa

Mafuta ni hesabu rahisi: maili 2,200 gawanya kwa 30 kwa galoni ni galoni 73 hadi 74. Kwa bei ya dola 3.50 ni karibu dola 257. Moteli usiku nne, tenga dola 100 kwa kila usiku. Chakula dola 25 kwa siku ukiwa na kasha la barafu, na mara mbili ya hapo ukitegemea mikahawa ya njiani. I-22 na I-40 kwenye njia hii hazina vituo vya kulipia barabara.

Gharama kubwa zaidi huanza ukishafika. Ajensi nyingi hulipa kila wiki, lakini wiki ya kwanza hulipwa mwisho wa wiki ya pili, na orientesheni mara nyingine hulipwa kwa kiwango cha chini. Ondoka Atlanta ukiwa na gharama za safari, wiki ya kwanza ya malazi, dipoziti ya nyumba na chakula cha wiki tatu. Chini ya dola 3,500 ni kujitia presha bure.

Kuhusu nyumba, lipia wiki ya kwanza tu kwenye hoteli ya kukaa muda mrefu, tena ile unayoweza kufuta bila faini, kisha tafuta chumba ukiwa hapohapo. Matapeli wanawajua manesi wa mikataba: wanajua una posho, uko mbali na una haraka. Anayedai pesa kwa Zelle (huduma ya kutuma pesa kwa simu) kabla hujaona nyumba, mwombe akupigie simu ya video akianzia barabarani penye namba ya nyumba, apite mlangoni hadi jikoni bila kukata. Tapeli atakuwa na udhuru. Tangu Julai 2024 sheria ya California inamzuia mwenye nyumba kudai dipoziti inayozidi kodi ya mwezi mmoja, wenye nyumba wadogo miezi miwili. Anayetaka miezi mitatu achana naye.

Gari

Mpelekee fundi wiki mbili kabla, si siku mbili, ili kama kuna kipuri cha kuagiza kipatikane. Oili mpya na chujio. Breki pedi zisiwe chini ya milimita 3. Betri ipimwe kwa mashine; ikiwa na miaka minne au zaidi ibadilishwe, kwa sababu joto la Arizona humaliza betri ambayo Atlanta ilikuwa inawasha gari bila shida. Kulanti, mpira wa waipa, mkanda wa injini.

Matairi kagua mwenyewe. Chukua kwota ya senti 25, ingiza kichwa cha Washington kikitazama chini kwenye mfereji wa tairi. Ukiona ncha ya juu ya kichwa chake, umebakiwa na chini ya milimita 3, na kwenye mvua ya Arkansas gari litateleza juu ya maji. Fanya hivyo mahali patatu kwa kila tairi: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. Ukingo wa ndani ndio unaoficha siri, kwa sababu hauonekani gari likiwa limesimama, na ndio unaolika kwanza pale magurudumu yasipolingana. Kisha tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3521 ni wiki ya 35 ya 2021. Tairi lililopita miaka 6 liangaliwe na fundi hata kama mistari ni mizuri, kwani mpira hukauka na kupasuka kwenye lami ya moto.

Upepo jaza kufuata kibandiko cha mlangoni mwa dereva, si namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, na ujaze asubuhi gari likiwa limepoa. Joto likipanda nyuzi 10 za Farenhaiti upepo huongezeka kama psi 1. Ukipima mchana Needles, mji wa jangwani mpakani mwa California, utaona umezidi na utashawishika kuutoa. Usiutoe, maana ukifika ukapoa tairi litakuwa limelegea.

Kwenye kibandiko hicho pia kuna uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Kwa sedani ndogo ni karibu pauni 850. Toa uzito wako na wa msindikizaji, kinachobaki ndicho mzigo. Maboksi ya vitabu, tangi la maji na televisheni huumaliza haraka. Gari lililozidiwa husimama kwa breki kwa umbali mrefu zaidi na hupasua tairi la nyuma.

Hakikisha tairi la spea lina upepo na jeki ipo. Spea nyembamba haipaswi kupita maili 50 kwa saa wala kwenda mbali zaidi ya karakana ya karibu. Huduma ya kuvutwa gari angalia kifurushi chako: cha chini kabisa huvuta maili chache tu, na kati ya Needles na Barstow maili chache hazikufikishi popote. Panda daraja la kuvutwa maili 100 kabla ya safari. Mpigie pia mwenye bima umwambie gari litalala Bakersfield wiki 13, kwani asipojua anapata sababu ya kubishana siku ya ajali. Na kwa sababu sheria ya magari ya California huhesabu siku 20 tangu kupata ajira jimboni, si ukaazi peke yake, uliza DMV (ofisi ya magari ya jimbo) mapema kuhusu namba zako za Georgia.

Kupakia

Anza na begi moja la mgongoni ambalo haliingii butini kamwe. Ndani: hati za asili, kadi za vyeti, nakala ya mkataba, dawa zako katika chupa zenye jina lako, chaja, jozi mbili za skrabu za rangi iliyotajwa na wadi, viatu vya kazi, stethoskopu. Gari likifia Tucumcari, New Mexico, unachukua begi hilo, unapanda basi hadi uwanja wa ndege wa Albuquerque, na Jumatatu uko kazini. Vilivyobaki vitafuata.

Chakula cha nyumbani beba kwa akili. Unga, majani ya chai, royco, mchele, mwiko na sufuria moja nzito ni sawa. Machungwa, ndimu, miche ya sukuma wiki na kuni havipiti: Needles kuna kituo cha ukaguzi wa kilimo, kila gari linasimama, na wanachukua kisichoruhusiwa. Unaulizwa umebeba matunda au mimea. Jibu ukweli, ni dakika mbili tu.

Vizito viweke chini na karibu na kiti cha nyuma, vyepesi juu, na kioo cha nyuma kibaki wazi. Funika kila kitu kwa shuka jeusi. Memphis na Albuquerque zinajulikana kwa wizi wa magari. Omba nafasi mbele ya mapokezi, rudisha gari kinyumenyume hadi ukutani ili buti lisifunguke, na ulale na begi lako chumbani. Wenye Kia na Hyundai za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha wanunue kufuli la usukani, kwani nyingi hazina kizuizi cha kielektroniki na wezi wanazijua kwa sura.

Siku tano za barabarani

Siku ya 1: Atlanta, Birmingham, kisha I-22 hadi Memphis na I-40 hadi Little Rock, maili 525.
Siku ya 2: Little Rock hadi Elk City, Oklahoma, maili 445.
Siku ya 3: Elk City hadi Albuquerque, maili 430.
Siku ya 4: Albuquerque hadi Kingman, Arizona, maili 470.
Siku ya 5: Kingman, Needles, Barstow, kisha barabara ya 58 hadi Bakersfield, maili 335.

Siku ya kwanza ndiyo ndefu kwa makusudi, ungali na nguvu. Lakini usiianze ukitoka zamu ya usiku. Wewe mwenyewe unajua usingizi wa sekunde tatu ulivyo, na kwa maili 75 kwa saa sekunde tatu ni mita 100. Saa mbaya ni saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na tena saa 8 hadi saa 10 alasiri. Kope zikilegea kunywa kahawa kisha ulale dakika 20 kwenye kituo cha mapumziko. Kafeini huanza kufanya kazi unapoamka. Muziki wa juu na dirisha wazi havisaidii.

Ondoka saa 12 asubuhi kila siku. Unaelekea magharibi, kwa hiyo kuanzia saa 10 alasiri jua liko usoni mwako moja kwa moja, tena bila mti wa kulikinga kuanzia Oklahoma. Aliyeanza saa 4 asubuhi huendesha saa tatu za mwisho akiwa amekunja macho. Saa za majimbo pia zinarudi nyuma: Alabama saa moja, New Mexico nyingine, California nyingine. Arizona haibadilishi saa zake, hivyo wakati wa kiangazi inalingana na California na wakati wa baridi iko mbele kwa saa moja. Kumbuka hilo kabla ya kumwahidi mtu wakati wa kukupokea.

Namba za maili pembeni mwa I-40 ni rafiki wa anayekwenda magharibi, kwa sababu huhesabu kushuka hadi sifuri mpakani. Ukiingia Arkansas unaona 284, Oklahoma 331, Texas 177, New Mexico 373, Arizona 359. Namba unayoiona ndiyo maili zilizobaki jimboni. Ukipatwa na jambo na ukapiga 911, useme: I-40, kuelekea magharibi, maili 211. "Niko karibu na Flagstaff" haitoshi kumleta mtu haraka.

Kati ya Memphis na Little Rock matrela ni mengi mno; kaa mbali nayo, na usikae ubavuni mwa trela, ama lipite ama ubaki nyuma. Oklahoma miezi ya Aprili hadi Juni ni msimu wa vimbunga. Onyo la simu na redio hutaja kaunti, kwa hiyo jua uko kaunti gani. Usijifiche chini ya daraja la barabara, kwani upepo hubanwa pale na kuongezeka kasi. Ingia kituo cha mafuta, ukae chooni au stoo isiyo na madirisha.

New Mexico utaona mafuta ya oktani 85 au 86 yakiuzwa kama ya kawaida. Kama kitabu cha gari kinasema 87, bonyeza 87. Kuanzia hapo uko juu: I-40 inapita futi 7,000 New Mexico na tena karibu na Flagstaff. Novemba hadi Machi theluji hufunga barabara hiyo kwa saa kadhaa au siku nzima. Kila jioni angalia hali kwenye tovuti za barabara za jimbo linalofuata, az511 kwa Arizona na QuickMap kwa California. Dhoruba ikitangazwa, shuka kusini mapema kupitia Dallas na I-20 hadi I-10. Ukishafika Gallup uamuzi huo umechelewa.

Vumbi likifunga njia Arizona, toka kabisa nje ya lami, zima taa zote pamoja na zile za dharura, vuta breki ya mkono na uondoe mguu kwenye breki. Taa zizimwe kwa sababu dereva wa nyuma asiyeona kitu hufuata taa nyekundu akidhani zinatembea, akaja kukugonga.

Kingman jaza tangi hadi juu. Needles mafuta ni ghali kupita kiasi kwa kuwa wanajua huna pengine pa kwenda, na maili 145 za kutoka hapo hadi Barstow ni jangwa la Mojave, vituo vichache, simu inapotea. Pakua ramani kwenye simu ukiwa Kingman, beba galoni moja ya maji kwa kila mtu. Julai na Agosti ondoka Kingman saa 10 usiku, baada ya kulala mapema, maana Needles hupita nyuzi 110 za Farenhaiti na ukishavuka mto barabara inapanda. Mshale wa joto ukianza kusogea juu, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho, punguza mwendo, toka barabarani. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka uguse bomba la juu na mkono uvumilie.

Polisi akiwasha taa nyuma yako, usifanye kama nyumbani ambako dereva hushuka kwenda kusalimia. Egesha kulia, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono juu ya usukani, ubaki umeketi. Kadi ya gari ikiwa kwenye droo, mwambie kwanza: iko hapa, naomba kuichukua. Pesa isionekane mkononi mwako wakati wowote. Ukiona gari lolote la dharura limesimama pembeni, hamia njia ya kushoto. Majimbo yote yana sheria hiyo, na faini yake ni kali.

Bakersfield, kabla ya Jumatatu

Jumamosi endesha kutoka ulipofikia hadi hospitali kwa saa ileile utakayokuwa unaripoti, uone egesho la wafanyakazi liko wapi na unatembea dakika ngapi hadi mlango wa wafanyakazi. Desemba na Januari ongeza nusu saa: ukungu wa bonde hilo ukishuka alfajiri huoni gari lililo mita 50 mbele. Siku za upepo funga madirisha ya gari na utumie hewa ya ndani. Kaunti ya Kern ni miongoni mwa sehemu zenye homa ya bonde nyingi zaidi, ugonjwa unaoletwa na kuvu wanaoishi kwenye udongo. Utauona wadini pia, nimonia isiyopona kwa antibaiotiki wiki baada ya wiki.

Uliza mapema mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa ni Epic au mwingine, na kama kuna mtihani wa hesabu za dawa siku ya kwanza. California huhesabu ovataimu baada ya saa 8 kwa siku, isipokuwa wadi ambazo wafanyakazi wake walipiga kura kukubali zamu za saa 12. Ujue wadi yako iko upande gani kabla hujakagua hundi ya kwanza. Mapumziko ya chakula ya dakika 30 yaanze kabla saa ya tano ya zamu haijaisha. Ukinyimwa, iandike kwenye fomu siku hiyohiyo, maana unalipwa saa moja ya ziada.

Jumapili jioni piga picha ya namba ya maili kwenye dashibodi, iweke pamoja na ile uliyopiga Atlanta, panga risiti za mafuta na moteli kwa tarehe, uzitume ajensi kwa barua pepe. Ajensi nyingi zina siku ya mwisho ya kupokea madai ya safari, na imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya mkataba.